Eliya aliomba afe: uzi kwa Wakristo mliokata tamaa

#1 Mwanzisha uzi

Shalom wapendwa. Na ninyi mnaopita tu humu bila kuamini chochote, karibuni pia, kuna nafasi.

Uzi ni mrefu, nisameheni. Nimemwandikia mtu ambaye bado anakwenda ibadani na bado anaitika "Amina" wenzake wakiitika, lakini ndani amekauka. Anaomba, maombi yanagonga mwamba. Amefiwa, au ndoa imevunjika, au ugonjwa umegoma kuondoka, au hana hata sababu moja ya kumweleza mtu, ni uzito tu unaoamka naye kila asubuhi. Na juu ya hayo yote ametwishwa mzigo wa pili: anaambiwa kwamba Mkristo wa kweli hakati tamaa, kwa hiyo akilia sana ajikague kama kweli ameokoka.

Huo wa pili ndio nataka tuutue leo. Naamini kwa moyo wangu wote kwamba hauna mahali katika Biblia.

Fungueni 1 Wafalme 19. Nabii Eliya ametoka mlima Karmeli. Moto umeshuka mbele ya macho yake, manabii 450 wa mungu Baali wameaibika, mvua imenyesha baada ya ukame wa miaka. Mtu wa namna hii tungetegemea awe na ushuhuda wa kutembea nao maisha yake yote. Mara sura hii ya 19 inapoanza, malkia Yezebeli anatuma ujumbe mmoja wa vitisho, na Eliya anakimbia mpaka Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake huko, anaingia jangwani mwendo wa siku moja, anaketi chini ya mretemu na kuomba afe. "Yatosha," anasema.

Sasa tazameni Mungu alivyomjibu. Hakumkemea. Hakumuuliza imani ya Karmeli imekwenda wapi. Malaika akamgusa, akamwambia ainuke ale. Palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, karibu na kichwa chake. Akala, akanywa, akalala tena. Hapo pa kulala tena napapenda sana, kwa sababu hakuna aliyemgombeza. Malaika akarudi mara ya pili, akamgusa tena, akamwambia ale, maana safari ni kubwa mno kwake.

Kubwa mno kwake. Mbingu yenyewe inakiri kwamba mtu huyu amezidiwa.

Mazungumzo yalikuja baadaye sana, baada ya siku 40 za kutembea, kule mlima Horebu. Na hata huko, Mungu alipomuuliza anafanya nini pale, Eliya alitoa lalamiko lake, ukapita upepo, tetemeko, moto, na ile sauti ndogo ya utulivu, akaulizwa swali lile lile, naye akarudia lalamiko lile lile karibu neno kwa neno. Hakubadilika moyo papo hapo kama tunavyopenda kusimulia. Mungu akampa kazi ya kufanya, akampa Elisha wa kusaidiana naye, akamjulisha kwamba wapo watu 7,000 katika Israeli ambao hawakumpigia Baali goti. Eliya alikuwa amesema "nimesalia mimi peke yangu." Kukata tamaa kulimficha watu elfu saba.

Naendelea hapo chini.

#2 Mwanzisha uzi

Inaendelea.

Jambo la pili. Zaburi ziko 150, na za maombolezo ndizo nyingi kuliko aina nyingine yoyote. Zaburi ya 13 inauliza "hata lini" mara nne katika mistari miwili ya kwanza. Ya 88 ndiyo inayonishangaza zaidi. Karibu zaburi zote za kulia hugeuka mahali fulani, mwandishi akafuta machozi na kuahidi kusifu. Hii haigeuki. Inaanza na usiku, inakwisha gizani, rafiki na mpenzi wametengwa naye, basi. Na watu wa Mungu hawakuikata. Waliikabidhi kwa waimbaji, wana wa Kora, iimbwe katika ibada.

Lakini angalieni mstari wake wa kwanza: mwandishi anamwita Mungu "Mungu wa wokovu wangu." Kila anachokisema baada ya hapo, hata kile kinachotutisha, anamwambia Yeye. Anayemlalamikia Mungu usiku kucha bado yuko mbele za Mungu. Mimi hiyo naiita imani, na ya hali ya juu.

Kisha kuna kitabu cha Maombolezo. Yerusalemu imeanguka mwaka 586 KK, hekalu limechomwa, watoto wanazimia njaa barabarani. Wengi tunaujua wimbo wa rehema mpya kila siku asubuhi, na wengi hatukumbuki umetoka wapi. Umetoka sura ya 3, mistari ya 22 na 23, yaani katikati kabisa ya kitabu cha sura tano. Sura hiyo ina mistari 66, imepangwa kwa herufi 22 za Kiebrania, kila herufi mistari mitatu. Aliyeandika alikuwa amevunjika, lakini alikaa akaupanga uchungu wake herufi kwa herufi mpaka mwisho wa alfabeti, kana kwamba anahakikisha hakuna chozi lililosahauliwa.

Katika mstari wa 18 anasema nguvu zake zimepotea, na tumaini lake kwa BWANA pia. Mstari wa 21 anasema anajikumbusha neno, kwa hiyo ana matumaini. Mistari mitatu tu! Kinywa kile kile, siku ile ile pengine. Wala tumaini lilipokuja halikufuta kilio. Ukifika mstari wa 49 jicho lake linatoka machozi bila kukoma, na kitabu chote kinafungwa kwa swali zito kama Mungu amewakataa kabisa.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukipata tumaini asubuhi na jioni ukalia tena, hujarudi nyuma. Ndivyo tumaini linavyokaa ndani ya mtu aliyeumia.

Karibuni tuchangie. Mwenye ushuhuda alete, mwenye hoja alete.

#3 Mchangiaji

Mtumishi, nimekusoma kwa makini na nakuheshimu. Ila hapa naona unafungua mlango wa hatari. Sisi tumefundishwa kinywa kinaumba. Mithali 18:21, mauti na uzima huwa katika uwezo wa ulimi. Ukikiri kushindwa, umeshindwa. Mtu akiwa kwenye shida akiri ushindi, asikiri giza. Ukimruhusu aanze kulia na kulalamika utamtoa lini huko?

#4 Mwanzisha uzi

Asante ndugu, hoja yako najua inatoka mahali pa kujali.

Ulimi una nguvu, sikatai. Maneno ya chuki yameua watu, maneno mema yameinua watu. Lakini Mithali hiyo haikuandikwa ili tumfiche Mungu hali zetu. Yesu msalabani alipaza sauti akasema, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Ni mstari wa kwanza wa Zaburi ya 22, na Mathayo na Marko wote wameuandika. Usiku uliotangulia, Gethsemane, aliwaambia Petro, Yakobo na Yohana kwamba roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, akawaomba wakae wakeshe naye. Je, alikiri vibaya? Mwana wa Mungu mwenyewe, alipoelemewa, alisema ameelemewa, akaomba watu wa kukaa naye.

Kuna na Ayubu, yule aliyepoteza mali, watoto na afya. Rafiki zake watatu walikuwa na theolojia safi sana, kila kitu kina sababu yake, tubu utabarikiwa. Ayubu alilia, akabishana, akaidai kesi yake mbele za Mungu. Mwisho wa kitabu, 42:7, Mungu anamwambia Elifazi kwamba yeye na wenzake hawakunena yaliyo sawa kumhusu kama alivyonena mtumishi wake Ayubu. Fikiria hilo: waliomtetea Mungu ndio walioambiwa watoe sadaka, na Ayubu, yule mlalamikaji, ndiye aliyetakiwa kuwaombea.

Swali lako la "utamtoa lini" ni zuri. Nadhani si kazi yetu kumtoa kwa haraka. Kazi yetu ni kwamba asiwe huko peke yake.

#5 Mchangiaji

Naomba niseme kama mama.

Tulimpoteza mtoto wetu wa pili. Sitaeleza zaidi. Watu walijaa nyumbani, na kila mmoja alikuja na neno lake. "Mungu amempenda zaidi." "Mungu hakupi mzigo usioweza kuubeba." "Usilie, unamhuzunisha Roho." Nilikuwa naitikia kwa kichwa tu. Moyoni nilikuwa nasema, kama Mungu huyu ndiye anayechukua watoto kwa sababu anawapenda, basi asinipende mimi.

Kuna dada mmoja wa kikundi chetu cha maombi ambaye hata si msemaji. Alikuja watu wakiwa wameshatawanyika. Akaingia jikoni, akakuta vyombo vya siku kadhaa. Akaviosha vyote, akavifuta, akavipanga. Mimi nimekaa nasikia sahani zinavyogongana. Akaja akakaa karibu nami, akaniuliza, "Umelala?" Nikasema sijalala. Akasema, "Lala, mimi nipo na mtoto mkubwa." Nililala mpaka giza likaingia. Nilipoamka alikuwa bado yupo.

Hakunisomea andiko lolote siku ile. Lakini nikikumbuka ni lini nilianza tena kuamini kwamba Mungu ananiona, ni siku ile ya vyombo. Leo kusoma hapa kwamba malaika alimlisha Eliya na kumwacha alale, nimelia. Asante mwanzisha uzi.

#6 Mwanzisha uzi

Dada yangu, pole sana. Pole kwa mtoto, na pole kwa yale maneno.

Hilo la "Mungu hakupi mzigo usioweza kuubeba" naomba nilisemee, maana linaumiza wengi. Watu hulitoa 1 Wakorintho 10:13, ila pale Paulo anazungumzia majaribu ya kutenda dhambi na mlango wa kutokea. Kuhusu mizigo ya maisha, Paulo huyo huyo anasema kinyume kabisa katika 2 Wakorintho 1:8: huko jimbo la Asia walilemewa mno kuliko nguvu zao, hata wakakata tamaa ya kuishi. Ni mtume huyo. Ameiandika kwenye barua ya kusomwa mbele ya kanisa zima. Mstari wa 9 anasema ilikuwa ili wasijitumainie nafsi zao, bali wamtumaini Mungu awafufuaye wafu.

Na rafiki za Ayubu walifanya jambo moja jema kabla hawajaharibu: waliketi naye chini siku saba mchana na usiku, hakuna aliyesema neno, kwa sababu waliona mateso yake ni makuu mno. Wangeishia hapo!

#7 Mchangiaji

Mimi siamini, nasema wazi, ila uzi umenivutia. Swali langu: tofauti ya tumaini lenu na kujifariji ni ipi? Mtu ana sonona, badala ya kwenda kwa daktari anaambiwa asome Zaburi. Na kama huyo Mungu yupo na anaweza, kwa nini asizuie tu mambo haya yasitokee?

#8 Mwanzisha uzi

Karibu sana, na asante kwa kuuliza bila matusi.

La daktari kwanza, maana ndilo la haraka. Anayeumwa aende akatibiwe. Sonona ni ugonjwa. Hauponi kwa kukemewa, na kumeza dawa aliyoandika daktari si kukosa imani. Luka aliyeandika Injili anaitwa na Paulo "tabibu mpendwa," Wakolosai 4:14. Mkristo anayemzuia mwenzake asiende hospitali anamtenda dhambi, na nitalisema hilo mbele ya mtu yeyote.

Kwa nini hazuii: jibu la kukutosheleza sina, na Biblia nayo hailitoi kwa namna tunayoitaka. Ayubu hakuambiwa sababu hata kitabu kilipofika mwisho. Kinachonishika mimi ni kwamba Mungu ninayemwamini hakukaa mbali na hilo swali. Katika Yesu alikwenda kaburini kwa rafiki yake Lazaro, na ingawa alijua atamfufua muda mfupi baadaye, alilia machozi kwanza.

Sasa tofauti na kujifariji. Luka 24, wanafunzi wawili wanatembea kwenda Emau, mwendo wa kama kilomita 11 kutoka Yerusalemu, nyuso zimekunjamana. Wanamwambia mgeni aliyeungana nao njiani: "Nasi tulikuwa tukitumaini ya kuwa yeye ndiye atakayewakomboa Israeli." Tulikuwa. Hawa hawajifariji hata kidogo, wamekwisha kukata tamaa na wanarudi zao. Habari ya kaburi tupu wameisikia tayari kwa wanawake, na haijawasaidia. Tumaini la Kikristo limesimama juu ya jambo tunalosema lilitokea, kwamba Yesu aliyekufa alifufuka. Kama halikutokea, Paulo mwenyewe anasema katika 1 Wakorintho 15 kwamba imani yetu ni bure na sisi ni wa kuhurumiwa kuliko watu wote. Unaweza kulikataa, hiyo ni haki yako. Lakini si hisia ya kujipa. Siku ambayo sijisikii chochote, kama ni kweli, linabaki kuwa kweli.

#9 Mchangiaji

Mimi ni mchungaji. Naandika bila kujitaja na mtanielewa. Ninazika watu, ninafariji watu, na mimi mwenyewe nina miezi mingi sijahisi chochote nikisimama madhabahuni. Nitamwambia nani? Washirika wakijua mchungaji wao ana giza watatawanyika.

#10 Mwanzisha uzi

Baba mchungaji, pole na kazi. Humu hakuna atakayekuhukumu.

Hauko peke yako katika hilo wito. Mhubiri Mwingereza Charles Spurgeon alikuwa na umri wa miaka 22 tu, tayari anajaza kumbi za London, pale tarehe 19 Oktoba 1856 watu walipopiga kelele za moto ukumbini wakati wa ibada yake. Moto haukuwepo. Katika kukanyagana walikufa watu saba. Spurgeon aliporomoka kabisa, na huzuni nzito ilimrudia mara kwa mara mpaka mwisho wa maisha yake. Hakuificha. Aliwafundisha wanafunzi wake wa uchungaji somo zima juu ya kuzimia moyo kwa mhubiri, ili wakipatwa wasidhani ni kitu kigeni.

Mtawa Mama Teresa naye. Alifariki mwaka 1997, na barua zake zilipochapishwa mwaka 2007 dunia ikajua kwamba kwa miongo mingi, huku anawahudumia wanaokufa Calcutta, hakuwa akihisi uwepo wa Mungu. Alikuwa amewaambia waliomlea kiroho. Hilo nakusihi ulishike: alikuwa na watu wa kuwaambia. Tafuta mchungaji mwenzako, hata wa dhehebu jingine, hata wa mbali, umfungulie. Na daktari pia, kama nilivyosema hapo juu. Washirika hawahitaji kujua kila kitu, lakini mtu mmoja anahitaji kujua.

#11 Mchangiaji

Samahani, naandika kwa mara ya kwanza. Mimi nimesoma yote. Mimi kusema kweli natamani nilale nisiamke. Naogopa ninachowaza usiku. Sijui kwa nini nawaambia ninyi.

#12 Mwanzisha uzi

Mpendwa, umefanya vyema kutuambia. Nimeacha kila kitu nakujibu wewe.

Kwanza, hayo mawazo si dhambi ya kuficha. Umechoka kupita kiasi, na kama ulivyoona hapo juu, watumishi wa Mungu wamefika hapo ulipo.

Pili, naomba ufanye mambo haya sasa hivi, si kesho. Mpigie mtu mmoja unayemwamini, umwambie kwa maneno yale yale uliyotuandikia: "Natamani nisiamke, naogopa." Usipunguze. Mwombe aje akae nawe usiku huu. Kama kuna kitu chochote karibu nawe unachofikiria kujidhuru nacho, kitoe, mpe mtu, au toka wewe hapo ulipo. Ukiona mawazo yanazidi, nenda hospitali iliyo karibu kitengo cha dharura, au piga namba ya dharura ya nchi uliyopo. Usisubiri yapite yenyewe.

Matendo 16, askari wa gereza la Filipi alikuta milango imefunguka, akadhani wafungwa wametoroka, akachomoa upanga ajiue. Paulo akapaza sauti gizani: "Usijidhuru, kwa maana sisi sote tupo hapa." Hatukufahamu kwa sura, lakini nakuambia hivyo hivyo. Tupo hapa. Tuandikie ukishampigia mtu.

#13 Mchangiaji

(Mama wa #5.) Mwanangu, hata kama umenizidi umri nakuita mwanangu. Niko macho. Piga simu kwanza, kisha njoo hapa. Sitalala mpaka uandike.

#14 Mchangiaji

(Yule wa #11.) Nimempigia dada yangu. Amelia, halafu amesema anakuja. Yuko njiani. Kesho atanipeleka hospitali. Asanteni.

#15 Mchangiaji

(Yule asiyeamini, #7.) Mkuu wa #14, nimefurahi sana kusoma hilo. Nenda kweli kesho, usighairi.

#16 Mchangiaji

Mungu amlinde huyo ndugu. Mimi nina swali dogo tu. Nataka kuomba ila maneno hayaji kabisa. Napiga magoti nabaki kimya, nainuka na hatia. Nifanyeje?

#17 Mwanzisha uzi

Hatia hiyo iache. Warumi 8:26 inasema hatujui kuomba jinsi itupasavyo, na Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Kwa hiyo ule ukimya wako magotini unaombewa.

Ukitaka maneno, azima. Chukua Zaburi ya 13, ina mistari sita tu, isome kwa sauti polepole, asubuhi na kabla ya kulala. Ukikwama kwenye "hata lini," baki hapo hapo, usilazimishe kufika kwenye mstari wa kusifu. Siku nyingine ya 42, ambapo mtu anaiuliza nafsi yake kwa nini inainama. Siku mbaya kabisa, ya 88. Usiku wa kuomba neno moja, yule baba wa Marko 9 amekuachia: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Yesu hakumrudisha akaongeze imani kwanza. Mtoto wake aliponywa kwa ombi hilo hilo la nusu nusu.

Na kama hata kusoma huwezi, waambie wengine wakuombee. Yule mwenye kupooza wa Marko 2 hakuna mahali tunaposikia ameomba kitu. Wanne walimbeba, wakatoboa dari, wakamshusha, na Marko anaandika kwamba Yesu aliiona imani yao, wale waliombeba. Niandikie faragha jina utakalopenda tukutaje nalo, mimi na mama wa #5 tutaanza leo usiku. Na yeyote mwingine anayetaka tumbebe, aandike hapa chini.